Mistari Miwili ya Wifi

Jumatatu, tarehe 3

Wifi,

Salamu nitaziweka mwishoni, karatasi ikibaki. Najua daktari amekataza usisumbuliwe na habari za kazi, na najua kaka ndiye aliyekunyang'anya simu. Alifanya vizuri, maana bosi wetu Bwana Tayari alikuwa anakupigia hata ukiwa unapimwa presha. Lakini kaka kachukua simu tu, kalamu kakuachia, na mbeba barua ni yeye mwenyewe. Nimemwambia ni habari za nyumbani.

Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Programu ya pampu ya dripu umeiandika wewe, mstari kwa mstari, na inaganda.

Nakueleza ninachokiona. Chipu yenyewe bado haijatengenezwa, kwa hiyo tunaendesha ile ya kuigiza ndani ya seva, kama ulivyotuacha. Unaijua kasi yake: kazi ambayo pampu halisi ingeifanya wakati mtu anakunywa chai, hapa inakula siku nzima. Naiwasha asubuhi, navaa sweta kwa ajili ya baridi ya chumba kile, nakaa. Inasukuma dawa vizuri. Kila mara programu inakiuliza kihisi: kwenye mrija kuna dawa au kuna hewa? Kihisi kinajibu, programu inaendelea. Halafu, mara moja kati ya nyingi, inauliza na jibu haliji. Inabaki inasubiri tu. Na injini, kwa vile tuliipa akili yake, haingoji mtu. Inaendelea kusukuma chochote kilichomo. Kikiwa ni hewa, basi ni hewa inayoingia kwenye mshipa wa mgonjwa.

Nikiingiza mistari ya kuchapisha ili nione programu imefika wapi, haigandi. Nikiitoa, inaganda. Ni kama gari linalokohoa kila siku, ukilifikisha kwa fundi linatulia na wewe unaonekana mwongo.

Michoro ya chipu inakwenda kiwandani wiki ijayo. Programu inachongwa humo humo ndani. Ikishatoka huko hairekebishiki. Atakayesaini kwamba majaribio yamepita ni mimi. Bwana Tayari anapita mezani kwangu kila siku baada ya chai. "Tayari?" Nasema bado. Leo ameuliza kabla ya chai.

Nimekunakilia kwa mkono kipande cha kuuliza na kusubiri. Ukichoka kiweke chini. Na mgeni wetu je? Anapiga mateke, au ni mpole kama baba yake?

Wifi yako wa ghorofa ya tatu


Jumatano, tarehe 5

Wifi,

Mgeni hajambo, nami sijambo. Wamenipa kitanda cha dirishani. Naona kamba za mashuka na mgongo wa jenereta. Miguu imeinuliwa juu kuliko kichwa, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Dripu iko mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia.

Kaka yako alikaa pembeni mpaka nikamaliza kusoma. Ilinibidi nicheke mahali pasipo na kichekesho. Akauliza, "Mna nini nyie?" Nikamwambia mambo ya wanawake. Akaenda kununua maji.

Sasa sikiliza. Toa mistari yote ya kuchapisha. Kuchapisha kunaichelewesha programu, na wewe unatafuta kosa la wakati. Kila ukiusogeza wakati unalifukuza. Usiiulize programu imefika wapi, maana haijui. Fungua picha ya mawimbi ya umeme, utazame waya mmoja mmoja pale inapoganda. Anza na waya wa kihisi. Je, jibu haliji kabisa, au linakuja na sisi hatulioni? Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbili.

Kipande ulichonakili nimekisoma mpaka nakiona darini nikifumba macho. Sioni kosa. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu ni changu.

Wanasemaje juu yangu huko? Usinipake asali.

Wifi yako wa kitandani


Ijumaa, tarehe 7

Wifi!

Nimeipata. Nimekaa kwenye kiti cha nje ya mapokezi, naandika juu ya goti.

Nilifungua mawimbi kama ulivyosema. Jibu linakuja. Linakuja mapema mno! Tazama mistari yako miwili: kwanza unakiamuru kihisi kianze kupima, kisha unafuta alama ya jibu la zamani, kisha unasubiri alama mpya. Ni sawa na mtu abishe hodi, halafu azibue masikio, halafu ndiyo asikilize. Mwenye nyumba akichelewa kuitika, hakuna neno. Akiitika papo hapo, "karibu" yake inapotea, na aliyebisha atasimama pale mlangoni mpaka miguu iote mizizi.

Na kwa nini mwenye nyumba anaitika papo hapo? Kwa sababu nimemfundisha mimi. Kihisi cha kuigiza nilikiandika mwenyewe. Kitabu cha watengenezaji kinasema kihisi halisi kinachukua muda kujibu, kwa kuwa kinapima tena na tena na kutafuta wastani. Ningeuweka muda wote huo kwenye seva tungezeeka hapa na wajukuu wangekuja kupokea matokeo. Kwa hiyo nilifanya tunavyofanya sote: nilikata subira. Nimeirudisha kama ilivyo kitabuni, nikaiacha ikimbie tangu jana. Haijaganda hata mara moja.

Kwa hiyo pampu ni nzima, wifi. Kosa lilikuwa la maigizo, si la dawa wala la damu. Programu yako hatukuigusa hata nukta.

Bwana Tayari almanusura anikumbatie. "Kumbe mchawi ulikuwa wewe mwenyewe!" Watu wa meza zote wakacheka, nami nikacheka. Nimesaini leo asubuhi. Amesema hakuna haja ya kungoja, inaondoka Jumatatu.

Uliuliza wanasemaje juu yako. Wanakutakia afya njema. Lala sasa.

Wifi yako


Jumamosi, tarehe 8

Mdogo wangu,

Sina salamu.

Leo nimeingia wodini nikakuta dawa imemwagika sakafuni, mashine inapiga kelele, na mke wangu ameketi. Haruhusiwi kuketi. Ameshika kiungo cha mrija wa dripu, amekifungua, anakitazama na kuhesabu kwa midomo. Muuguzi alipomfokea alisema, "Subiri kidogo, bado mara moja." Mara moja ya nini?

Ametoka damu tena. Hiyo "tena" hukuijua, kwa sababu alinikataza nisikuambie. Ilianza kabla hajalazwa na haijawahi kukoma vizuri. Daktari leo hakunipa maneno ya kunituliza. Amesema tuombe zipite wiki chache zaidi.

Chini ya godoro nimekuta barua zako nikazisoma. Uliniambia ni habari za nyumbani. Kumbe nimebeba pampu kwenye mfuko wa shati na kumpelekea mgonjwa kwa mkono wangu. Mimi natengeneza friji za watu, sijui hiyo C yenu ya kuandikia programu, lakini najua mtu akiwa anatoka damu humpi fumbo la kufumbua.

Mimi barua sibebi tena. Usije.

Kaka yako


Jumapili, tarehe 9

Kaka,

Una haki ya kila neno. Nisamehe, kama si leo basi siku nyingine.

Sikujua habari ya damu. Ningejua nisingeandika. Tafadhali mwambie jambo moja tu, litamtuliza: kosa limepatikana, lilikuwa la simulesheni tu, yale maigizo ya kwenye seva, programu yake ni safi. Mwambie aache kuhesabu. Sijui alikuwa anahesabu nini. Nadhani ni homa, au ni hizo dawa.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 9

Wifi,

Penseli hii ni ya muuguzi wa asubuhi. Barua ataileta yeye akishuka zamu Jumanne, anapita njia ya kwenu. Nambari yako ilikuwa kwenye simu na simu anayo kaka yako. Ya ofisi naikumbuka. Nimempa apige kesho mapema. Leo alijaribu, haikupokelewa.

Najua umeshasaini. Futa saini hiyo.

Nisikilize kama fundi mwenzako, si kama mgonjwa. Pampu iliyo kando ya kitanda changu si yetu, ni ya kampuni nyingine, lakini kihisi chake ni kile kile. Nimegeuza shingo nikasoma kibandiko cha nyuma. Ijumaa jioni, nikiwa na barua yako mkononi, mfuko wa dawa uliisha. Mashine ikalia papo hapo, hewa ilipoingia tu. Sikuona subira yoyote ya wastani. Nikasoma tena barua yako, pale unaposema kitabu kinataja muda mrefu. Muda ule ni wa mrija wenye dawa, wifi. Dawa inatetemeka, kwa hiyo kihisi kinapima na kupima tena. Mrija ukiwa mkavu hakuna cha kupima. Kinajibu mara moja.

Nilihitaji kuwa na hakika. Kesho yake nilibana kwanza mrija karibu na mkono, hewa isinifikie, ndipo nikafungua kiungo cha juu. Nikafunga, nikafungua tena. Kila mara mashine ililia kabla sijatoa kidole. Kaka yako aliniona katikati ya hayo na hakuona nilipobana. Mwambie sikuwa nataka kujidhuru. Mimi hanisikilizi, analia tu halafu anakwenda kunawa uso.

Unaona lilivyo? Wakati kuna dawa, kihisi kinachelewa na mistari yangu miwili haimdhuru mtu. Hewa ikiingia ndipo kinaitika haraka, na ndipo programu inakuwa bado imeziba masikio. Itasikia kila jambo isipokuwa lile moja lililotufanya tuweke kihisi. Simulesheni yako ilisema kweli. Uliikata subira kwa uvivu wetu wa kawaida, na kwa bahati ikafanana na mrija mkavu. Tukairekebisha mpaka ikaacha kusema.

Geuza mistari. Futa alama kwanza, kisha anzisha kihisi. Basi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Wifi yako


Jumatano, tarehe 12

Wifi,

Kaka alisema nisije, kwa hiyo huyu muuguzi wako anarudi na barua hii. Ulisema nisikupake asali. Nakuandikia kama ilivyotokea.

Chipu imekwenda.

Muuguzi alipiga Jumatatu mapema. Nilikuwa kwenye kikao. Dada wa mapokezi aliniandikia kwenye kikaratasi: "Wifi yako anasema futa saini, geuza mistari." Nilikipata kabla ya saa ya chakula. Chipu ilikuwa bado. Faili lilikuwa mezani, Bwana Tayari alikuwa anatafuta kikombe chake. Nami nilikuwa nimeshasoma barua ya kaka. Nilijua kwamba umeketi kitandani unafungua mirija na kuhesabu, na nikaamini umeanza kuweweseka. Nilikunja kikaratasi nikakitia kwenye mfuko wa sweta. Nilikuonea huruma, wifi. Hilo ndilo nililofanya siku ya Jumatatu. Alasiri wakatuma.

Barua yako ilifika jana. Leo asubuhi nilitoa kihisi halisi kabatini, nikakifunga kwenye mrija mkavu, nikakiunganisha na kipimo. Hakikungoja. Nikatia maji, kikangoja. Nikakausha, hakikungoja. Kisha nikakipa kihisi cha kuigiza tabia hiyo hiyo, nikaendesha programu yako na kuachia kiputo kimoja. Iliganda kwenye kiputo cha kwanza. Injini ikaendelea.

Nikaenda kwa Bwana Tayari.

"Nafuta saini yangu," nikamwambia.

"Saini haifutwi. Huu si ubao wa shule."

"Kihisi kikikuta hewa kinajibu papo hapo. Programu haisikii. Wifi amekipima, nami nimekipima."

"Wifi yako amepimia wapi?"

"Wodini."

Akaegemea kiti. "Yaani mgonjwa anachomoa dripu yake, na wewe unataka nisimamishe kiwanda? Ijumaa uliniambia kosa ni la maigizo. Leo unaniambia ni la kweli. Kesho utaniambia nini?"

"Kihisi kiko mezani kwangu. Njoo ukione mwenyewe."

"Nikione ili iweje? Imeshakwenda." Kisha akapunguza sauti. "Huyo tumembeba muda mrefu. Mwezi mzima hapa kila kikao ni yeye kachelewesha, yeye kakosea. Nimemtetea mimi. Na kitanda anacholalia, unajua ni bima ya nani?"

Sasa unajua wanavyosema juu yako. Nilikuficha.

Nikamwambia nitaandikia mamlaka ya vifaa vya tiba. Hakupandisha sauti. Alimwita mlinzi wa ngazini, yule anayenitania kila siku kwamba nimevaa sweta la baba yangu. Alipokea kadi yangu ya mlango bila kunitazama usoni. Kihisi kimebaki mezani. Majaribio ya leo yamebaki kwenye seva, na seva iko nyuma ya mlango usionifungukia. Nilichonacho ni mdomo.

Barua ya mamlaka nimeiandika, iko ndani ya bahasha hii. Shida unaiona. Chini ya ripoti ya Ijumaa kuna saini yangu inayosema yote yamepita. Nikisimama peke yangu ni mfanyakazi aliyefukuzwa anayejikana. Aliyeandika mistari akisema, "Mistari yangu iko hivi, na ndiyo yenye kosa," hapo watalazimika kuuliza. Pampu zitaanza kutoka kabla ya mwisho wa mwaka.

Ukisaini, watakufutia bima. Atafanya hivyo siku hiyo hiyo, namjua. Sina chumba kingine cha kukulaza wala daktari mwingine wa kukupa. Usiposaini sitakulaumu, na sitasema jina lako popote. Nitaipeleka ilivyo.

Usijibu haraka. Nakosea. Jibu haraka.

Wifi yako


Jumapili, tarehe 16

Mdogo wangu,

Bahasha yako aliipokea muuguzi, na muuguzi akanipa mimi, kwa sababu Jumatano usiku mke wangu hakuwa wa kupokea kitu. Niliifungua. Nilikusudia kuichana, na nilishaikamata kwa vidole viwili.

Alhamisi alifumbua macho akaniuliza kama umejibu. Nikasema hapana. Akasema, "Wewe hujui kudanganya, ndiyo maana nilikubali posa yako. Soma." Nikamsomea yote, hata lile la kitanda. Nilitaraji alie. Aliniomba nirudie pale ulipotia maji ukakausha tena. Nikarudia. Akasema, "Vizuri. Amepima vizuri." Kisha akadai kalamu.

Nikamwambia, mke wangu, fikiri. Akasema amefikiri na miguu juu kwa mwezi mzima, kama kufikiri kungekuwa dawa angeshapona. Amesaini chini ya jina lako. Pale ulipoandika "programu ina kasoro" amefuta, akaandika "nilikosea mpangilio wa mistari miwili, na mwenye kutumia pampu hii hewa ikiingia atakufa." Nikamwambia hilo neno la mwisho ni kali. Akasema wasome hilo wakiruka mengine yote.

Ijumaa asubuhi niliipeleka mwenyewe kwa gari la kazi, friji ya mtu ikiwa bado nyuma. Karani aligonga muhuri akaiweka juu ya zingine. Nikamuuliza itasomwa lini. Akasema zinasomwa kwa zamu. Nikamwambia afungue aya ya pili tu. Akanitazama, akaifungua, akasoma. Aliitoa pale juu akaingia nayo ndani. Nilingoja kwenye benchi mpaka wakafunga ofisi. Hakutoka mtu kuniita.

Niliporudi walikuwa wamempeleka kumpasua. Hawakuweza kungoja tena.

Ni mtoto wa kike. Wamemtoa kabla ya wakati wake, anatosha kwenye viganja vyangu viwili, na kimoja kingebaki na nafasi. Mama yake anaamka na kulala. Aliniuliza mara moja tu, "Wamesoma?" Nikasema wamesoma. Sikudanganya, karani alisoma.

Jana nimeitwa dirisha la malipo. Ofisi yenu imeshawapigia. Wamenipa karatasi za kujaza upya, jina la mlipaji liko wazi. Nimeandika langu. Nitauza gari, na gari likiisha tutaona. Hilo niachie mimi, usilichukue mgongoni.

Ile amri ya usije nimeiondoa. Njoo. Ukija ulete shati, hili nimelivaa tangu Alhamisi.

Mtoto yuko chumba cha vioo. Ana dripu, mrija wake mwembamba kama uzi wa kushonea, na kando yake kuna pampu ndogo inayohesabu matone. Si yenu, nimegeuza nikasoma kibandiko mpaka muuguzi akanikemea. Anasema nikalale, mashine inajiangalia yenyewe. Nimemwomba kiti. Nimekiweka upande ambao taa inauangaza mrija vizuri, nami ndipo nilipo, nakuandikia mstari mmoja, nautazama, nakuandikia mwingine.

Kaka yako